Mtu wa Rehani Kutoka Benevento

Vijana mlioniomba niandike chochote kuhusu miaka yangu ya kufundisha, nimekubali kwa sharti moja: msitafute humu habari za vyeo. Vyeo nilipewa na watu ambao hawakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja nilioandika, kwa hiyo sioni sababu ya kuvitaja. Nitawaeleza nilivyoanza, nani alinifundisha kazi, na jinsi idara yetu ilivyokufa mikononi mwangu. Mkiona nina hasira, mmeona sawasawa. Daktari wangu naye ameiona, akanishauri nijifunze kuvua samaki.

Nilizaliwa Iringa, nikasoma seminari, na mpaka leo Kilatini changu kina lafudhi ya Kihehe. Aliyenifundisha alikuwa padri Mwitaliano, mzaliwa wa Benevento, mji wa milimani kusini mwa nchi yao. Siku za mvua, darasa likianza kusinzia, alifunga kitabu cha sarufi akatusimulia habari za mtawala wa zamani wa mji wake, Mlombadi, aliyekataa kuwa chini ya mtu. Jina lake lina herufi zinazogombana, na wanafunzi wangu wa Minnesota, Marekani, walilitafuna vibaya mno hata nikaishia kumwita Mtawala tu. Hapa pia nitamwita hivyo.

Habari yake kwa ufupi ni hii. Katika karne ya nane Walombadi walikuwa na ufalme mkubwa kaskazini mwa Italia. Mfalme wa Wafranki akavuka milima, akauvunja, akajitwalia taji lao. Huko kusini, Mtawala wa Benevento akabaki Mlombadi mwenye nchi yake. Kaskazini alikuwepo Mfranki, ubavuni Papa wa Roma aliyemezea mate ardhi yake, na ng'ambo ya bahari Wagiriki wa Konstantinopoli waliodai kwamba Italia yote ni yao tangu zamani. Mtu mwingine angepiga magoti mapema. Yeye alijivika taji, akapiga sarafu zenye jina lake, akajenga kuta mpya Salerno, pwani, ili akibanwa milimani apate pa kukimbilia. Sisi watoto wa Uhehe, ambao babu zetu waliwagomea Wajerumani mpaka wakaishiwa kila kitu, hatukuhitaji kuelezwa mara mbili. Nilitoka darasani siku ile nikiwa nimeshachagua kazi ya maisha yangu, ingawa sikujua kama kazi ya namna hiyo ipo.

Kumbe ipo, na ilikuwa Saint Paul, huko huko Minnesota, kwenye chuo kidogo kilichoanzishwa na kanisa. Siku ya kwanza, mama wa mapokezi alinitazama, akatabasamu, akanipeleka moja kwa moja ghorofa ya juu, kwenye chumba chenye ramani ya Afrika na vinyago viwili. Nilikaa pale asubuhi nzima nikisubiri mtu aje. Idara ya Historia iliyoniajiri ilikuwa chini kabisa, jirani na boila la kupasha jengo joto, na mkuu wake naye alikuwa ananisubiri huko akidhani nimeghairi.

Huyo alikuwa Profesa Halvorsen, mama mrefu, mjukuu wa Wanorwe, mwenye sweta lililotoboka viwikoni. Nilipomfikia hatimaye, hakuniomba radhi wala hakunipa pole.

"Wamekupeleka kwenye vinyago?"

"Ndiyo."

"Vinapendeza?"

"Ni vya Wamakonde. Kwao sijawahi kufika."

Alicheka mpaka akakohoa. "Huku chini hatuna vinyago," akasema. "Tuna Walombadi tu. Kaa."

Kila nilichojua kuhusu kazi hii baada ya siku ile kilitoka kwake. Alinifundisha kuchonga penseli kwa kisu, kwa sababu kwenye nyumba za nyaraka kalamu ya wino hairuhusiwi. Alinifundisha kulaza kitabu kikuukuu juu ya mto wa sifongo, na kusoma hati kwa mwanga unaotoka ubavuni. Alikuwa na kisanduku cha sarafu za kuiga, za madini ya risasi, alizotengenezewa na fundi mmoja wa meno ambaye alikuwa mwanafunzi wake. Sarafu zile ndizo zilizokuwa somo letu la kwanza kila mwaka. Unampa kijana wa Minnesota sarafu mkononi, unamwambia asome. Anaanza kukueleza msalaba, kichwa, mapambo. Unamkatisha. Jina kwanza. Kabla hujajua wanasema nini, jua wanasema kwa jina la nani. Kwenye hati ni hivyo hivyo: mstari wa juu kabisa unakuambia nani anatawala, na mara nyingi ndio mstari wa pekee wenye ukweli.

Kesi iliyotusumbua kuliko zote ilikuwa picha ya hati moja ya Benevento. Pale juu, ambapo mwandishi alipaswa kuandika jina la mfalme, palikuwa na nafasi tupu. Halvorsen alisema mwandishi aliogopa. Mimi nilisema mwandishi alikuwa anangoja aone nani atashinda. Tulibishana majira yote ya baridi, huku boila likinguruma ukutani, mpaka wenzetu wawili wa idara wakahamia maktaba kuandaa masomo yao kwa amani. Hatukukubaliana kamwe. Sijawahi kufurahia kazi kama majira yale.

Sasa niwaeleze kuhusu majirani zetu. Idara ilikuwa na watu wanne na vyumba vitano. Shule ya Biashara na Uongozi, hapo hapo chuoni, ilikuwa na jengo la vioo na ilivitaka vyumba vyetu. Wadhamini wa kanisa walitaka tufundishe watakatifu tu. Na ofisi ya matangazo ya chuo ilikuwa inamtaka mtu mweusi wa kupigwa picha. Halvorsen alicheza baina ya hao watatu kwa akili. Shule ikisogea, aliwakimbilia wadhamini. Wadhamini wakikaza kamba, aliwaalika watu wa matangazo kunywa kahawa. Nilimtazama nikajua nimemwona wapi.

Ila jueni hili kuhusu watu wa hapa: hawakuambii hapana. Wanakuambia "hilo ni tofauti," kisha wanakupa biskuti. Siku Halvorsen aliporudi kutoka jengo la vioo na sahani nzima ya biskuti, nilijua tumekwisha.

"Wanataka mtu wa kufundisha uongozi wa Kiafrika," akasema.

"Mimi sijui uongozi wa Kiafrika. Najua Walombadi."

"Wao hawaoni tofauti. Ukienda, wataiacha idara. Ni kwa muda tu. Nitakurudisha."

Hakuniuliza kama nataka. Alikuwa ameshakubali, na biskuti nusu alikuwa ameshazila njiani.

Nilikuwa nimefundisha mkataba wa Mtawala na Mfranki mwaka baada ya mwaka bila kudhani utanihusu. Mfranki aliposhuka kusini na jeshi, Mtawala alikimbilia kuta zake za Salerno, kisha akatuma zawadi na watu wa rehani, na mmoja wa watu hao alikuwa mwanawe wa kumzaa. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mfalme akageuza jeshi, akamchukua kijana akaenda naye kwake. Benevento ikabaki Benevento. Wanafunzi huandika kwenye mitihani kwamba huo ulikuwa ushindi wa diplomasia, nami niliwapa alama nzuri kwa jibu hilo kabla sijahamishiwa jengo la vioo.

Huko niliwafundisha watoto wa wenye maduka ya magari hekima za wazee wa Afrika. Nilizitunga mwenyewe nyingine, Mungu anisamehe, nikiwa kwenye foleni ya barabarani. Kisha ofisi ya matangazo ikaniomba nivae "vazi langu la asili" nipigwe picha. Vazi la asili la baba yangu lilikuwa koti la kaki na raba za matairi. Nikaenda Brooklyn Park, kwenye duka la Mnaijeria, nikanunua shati la rangi zote alizoumba Mungu. Picha ikapandishwa kwenye bango kubwa njia ya kwenda Woodbury, nami nacheka kama niliyeshinda bahati nasibu.

Mke wangu, ambaye ni nesi na hana subira na upuuzi, aliliona akitoka kazini. "Baba Neema," akasema, "wamekufanyia nini?" Binti yetu Neema yeye alisema, "Baba, why are you dressed like a wedding MC?"

Mtawala naye, baada ya kumtoa mwanawe, aliwageukia Wagiriki kwa siri akaomba msaada. Aliwaahidi kwamba wakimsaidia atavaa kama wao na atakata nywele kama wao. Zamani nilikuwa nikilisoma jambo hilo darasani kwa kicheko. Baada ya shati lile sikucheka tena.

Halvorsen aliugua mimi nikiwa bado huko. Nilikwenda kumwona hospitali, akaniambia, "Bado nakurudisha," na sauti yake haikuwa na nguvu ya kuinua hata barua. Akafa kabla ya masika. Mtawala wa Benevento naye alikufa hivyo hivyo, kijana wake yuko ugenini mikononi mwa mfalme. Nililia kwenye maegesho ya hospitali, injini inawaka ili nisigande, na sikujua kama namlilia yeye au najililia mwenyewe. Nilimpenda yule mama. Alinitoa kama mbuzi wa maridhiano, na nilimpenda.

Papa alimsihi Mfranki asimrudishe kijana wa Benevento. Mfranki akamrudisha, ila kwa masharti: watu wake wanyoe ndevu, kwa sababu ndevu ndizo zilizokuwa alama ya Mlombadi, na jina la mfalme likae kwenye sarafu na hati zote. Mimi niliitwa na mkuu wa Shule ya Biashara, mtu mpole sana mwenye meno mengi. Aliniambia naweza kurudi chini kuongoza idara. Kilatini kisiwe lazima tena, kinawatisha wanafunzi. Na juu ya mwongozo wa kila somo letu, kabla ya jina la idara, liandikwe jina la Shule. Nikajiambia funika kombe mwanaharamu apite, nikasaini.

Kijana wa Benevento alitii miaka ya mwanzo. Kisha jina la mfalme likaanza kupotea kwenye sarafu zake, na kwenye hati, na Wafranki wakampiga vita wee, wasimpate. Nami nilitii kwanza. Kisha muhula mmoja nikafuta jina la Shule kwenye miongozo yetu yote. Pale juu nikaacha nafasi tupu, kama yule mwandishi wetu. Nikakaa ofisini karibu na boila nikisubiri vita.

Havikuja. Muhula ukapita, na mwingine, na mwingine. Jengo la vioo halikusema neno, kwa sababu hakuna mtu huko aliyekuwa anasoma tunachofundisha. Kijana wa Benevento alipewa heshima ya kuletewa majeshi. Mimi niliasi miaka na miaka, na maadui zangu hawakuwa na habari.

Mtu mmoja tu aliona. Nilimwajiri miaka michache kabla sijastaafu: Wanjiru, binti wa Nyeri aliyesomea sheria za Walombadi, mpangaji kwa shangazi yake kule Champlin, na kibali chake cha kuishi nchini kimefungwa kwenye ajira yake. Wiki ya kwanza alikuja na mwongozo wa somo mkononi.

"Prof, hapa juu kumebaki space. Printer imekula kitu ama ni makusudi?"

"Wewe unaonaje?"

Akaitazama tena. "Makusudi. Lakini sijui kama ulikuwa unaogopa ama ulikuwa una-wait."

Nilitamani Halvorsen angekuwa hai. Nilimwonyesha Wanjiru kisanduku cha sarafu siku ile ile, na tangu hapo sikuogopa kustaafu, kwa sababu nilijua nitamwachia nani.

Mwaka jana, nikiwa nimeshatangaza kwamba nitaondoka, yule mtu wa meno mengi aliniita tena. Biskuti zilikuwa mezani. Alisema chuo kinapunguza idara, na kwamba yetu ingeweza kusalia na jina lake, vyumba vyake na hata Kilatini chake. Aliomba kitu kimoja tu. Somo la uongozi wa Kiafrika limekosa mwalimu tangu nilipoondoka. Wamwazime Wanjiru, kwa muda tu.

Niliwaka. Nilimwambia Idara ya Historia haitoi tena watu wa rehani. Nilimwambia mengine pia, kwa Kihehe, ambayo ni bahati yake hakuyaelewa. Nikaondoka bila kugusa biskuti. Nilirudi nyumbani Inver Grove Heights, mto Mississippi ukimeta chini ya daraja, nikijiona nimelipa kisasi cha maisha yangu yote. Nilimsimulia mke wangu. Akaniuliza Wanjiru amesemaje. Nikamwambia Wanjiru hana haja ya kujua, nimeshamkinga.

Idara ilifungwa. Nilijua itafungwa, ila sikujua itakuwa haraka namna ile. Vyumba vyetu vimefanywa mahali pa wanafunzi wa biashara kulala mchana. Viti vyenyewe vinatikisika vikikandakanda mgongo. Kwenye hafla ya kuniaga nilipewa keki, na bamba la shaba. Nilisoma mstari wa juu kwanza, kama nilivyofundishwa. Ulikuwa na jina la Shule ya Biashara. Chini yake waliandika kwamba namaliza utumishi wangu katika Historia ya Afrika.

Hilo ningelimeza. Ila kuna la Wanjiru. Idara ilipokufa, ajira yake ilikufa nayo, na kibali kilikuwa kinafuata. Mtu wa meno mengi akamwita, akampa lile lile somo la uongozi wa Kiafrika, sasa moja kwa moja. Na ndiye aliyemweleza, kwa upole wake wote, kwamba nafasi hiyo ilikuwepo tangu mwanzo, na idara ingepona, lakini profesa wake alikataa.

Alikuja kwangu Jumamosi moja, nikiwa gereji napanga maboksi ya vitabu. Hakunisalimu vizuri, naye ni mtoto mwenye adabu.

"Prof, ni kweli walitaka kuni-borrow?"

"Ni kweli."

"Na idara ingebaki?"

"Walisema ingebaki."

"Si ungeniuliza tu." Alisukuma boksi kando kwa mguu. "Ningeenda. Two years, three years, ningevumilia, halafu ningerudi. Sasa niko huko huko, na nitarudi wapi? Hakuna mahali imebaki."

"Nilikuwa nakulinda. Wewe hujui kule. Mimi nimekaa kule."

"Yule Halvorsen alikupeana bila kukuuliza. Wewe umenikatalia bila kuniuliza. Tofauti ni gani, Prof?"

Nilikasirika. Nilimwambia tofauti ni kubwa sana, kwamba mtu aliyewahi kuwekwa rehani anajua anachokataa, kwamba siku moja atanishukuru. Nilisema mengi, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyojisikia nikizungumza kama mtu wa meno mengi. Yeye alisubiri nimalize. Kisha akaniuliza, taratibu, swali ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza miaka yote ile.

"Yule kijana wa Benevento. Siku babake alipomtoa, kuna mahali imeandikwa aliulizwa?"

Nilisimama katikati ya maboksi nikazipitia kichwani hati zote ninazozijua. Ndevu zimeandikwa. Nywele zimeandikwa, na mavazi, na zawadi, na nani alishauri nini, na Papa alilalamika nini.

"Hakuna," nikasema.

"Basi wewe andika. Andika kwamba mimi sikuulizwa."

Alibeba kisanduku cha sarafu bila kuomba, nami sikumzuia, kwa kuwa tayari kilikuwa chake. Alikiweka kiti cha mbele, akakifunga mkanda, akaondoka kurudi Champlin. Jumatatu alikuwa anaanza somo la uongozi wa Kiafrika. Walikuwa wameshamwomba alete vazi lake la asili.

Ndiyo maana nimekubali ombi lenu la kuandika, wala si kwa ajili ya busara. Wanjiru hakuulizwa. Nimeandika.